Kidole Gumba

Saa kumi na dakika ishirini, alfajiri ya Spalding,
basi dogo la wakala hupiga honi mara moja.
Ukichelewa, kiti chako kina mtu.

Jana usiku simu ilisema: KESHO IPO.
Juzi ilisema: KESHO HAIPO,
nikashinda kitandani nimevaa koti
nikisikiliza viatu vya mwenye nyumba vikipanda ngazi.

Getini kuna kijimashine cha kusoma vidole.
Domingos hugusa: kijani, kapita.
Mimi hugusa: nyekundu.
Nafuta gumba kwenye suruali. Nyekundu.
Miaka saba ya letusi, barafu na maji ya klorini
imelisugua hadi likawa laini kama mgongo wa kijiko.
"Haikutambui," asema mlinzi,
naye amewahi kula keki ya mwanangu.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Mimi nilipewa kisu siku ya kwanza, kabla ya chai,
na mwaka wa saba huu, bado mgeni.

Waajiriwa wa kampuni huvaa vizibao vya kijani,
sisi wa wakala, rangi ya chungwa.
Letusi haijali nani anaikata shingo.

Fomu za chama alizileta Glenda, kijani wa miaka ishirini na miwili,
mwanamke wa sauti nene na magoti mabovu.
Lakini nani alizificha kwenye boksi la glavu?
Nani alizieleza ndani ya basi,
Kilithuania kwa huyu, Kireno kibovu kwa yule,
na kwa wengine vidole tu, chini ya mwanga wa simu?

Kampuni ilikataa, ikakataa, kisha ikaagizwa: pigeni kura.
Orodha ikabandikwa kando ya friji ya kantini.
Nikaisoma juu hadi chini, nikaisoma tena chini hadi juu
kama mtu anayetafuta mzigo wake uwanja wa ndege.
Hapakuwa na chungwa hata moja.
Mwanasheria wa kampuni: "Hao ni wa wakala."
Wakala, kwenye simu: "Nyinyi ni wa pale mlipopelekwa siku hiyo."
Na siku ambayo hatukupelekwa?
Laini ilikatika.

Glenda alinifuata chooni.
"Tukidai wote kwa mpigo, tutakosa wote."
Huenda ni kweli. Ukweli nao una baridi yake.
Sikumjibu. Niliosha mikono mara tatu.

Alhamisi ya kura, mkanda haukusimama.
Kijani walipanda juu kumi kumi kuliendea sanduku,
na sisi tukashika nafasi zao,
mmoja kwa watu wawili, makreti yakitufukuza,
ili wapate kutambuliwa.
Nilikata letusi elfu moja mia nne. Nilihesabu.
Kuna aliyetakiwa kunihesabu, hakunihesabu,
basi nikahesabu mimi.

Ndiyo, mia moja kumi na nane. Hapana, sabini na moja.
Kelele zilishuka ngazi kabla ya watu.
Domingos akapiga makofi ndani ya glavu zilizolowa,
mlio kama wa samaki akianguka sakafuni.
Glenda akarudi mahali pake, akashika kisu.
"Sasa zamu yenu," akasema.
"Lini?"
Akakata kichwa kimoja, cha pili, cha tatu.

Usiku ule simu haikusema ipo wala haipo.

Ila ndani ya glavu yangu ya kushoto nilikuwa nimekuta fomu,
mpya, imekunjwa mara nne.
Haikuomba kidole. Iliomba jina.
Nikaliandika lote, polepole, Vaida Stankutė,
na ile nukta juu ya e
ambayo wakala, miaka saba,
hajapata kuiweka.